Kigingi cha Mjerumani na Mkasi wa Mwanaharusi

Siku Theonest Ntakirutimana alipokwenda bomani Biharamulo kuuombea moto wake, alivaa kanzu ya misa na kutia nyundo ndogo kikapuni. Mkewe Deodata akamuuliza, nyundo ya nini mbele ya Mzungu?

"Siwezi kwenda kujitetea mikono mitupu," akasema, akashika njia.

Theonest alikuwa mhunzi wa Nyabusozi, mwana wa mhunzi, mjukuu wa mhunzi. Ukimwacha azungumze angekurudisha nyuma hivyo hivyo mpaka ufike kwa yule mtu wa kwanza aliyelipika jiwe jekundu likatoka jembe. Moto wa ukoo wao ulikuwa haujazimika tangu siku hiyo. Mvua ilinyesha ukawaka, Wajerumani walipita ukawaka, nzige walitua juu yake wakaiva wakaliwa. Sasa lilikuwa limetoka tangazo: watu wote wa maporini wahamie vijiji vipya, mbali na mbung'o, kwa sababu malale yalikuwa yanamaliza watu. Kuhama Theonest hakukukataa. Malale yalimchukulia wana wawili, alijua yanavyolaza mtu. Lakini katika vijiji vipya ilikatazwa kuchoma makaa, na mhunzi asiye na makaa ni mzee tu aliyekaa karibu na mawe.

Basi alikuwa amekaa kwenye ngazi za boma, pamoja na watu wengine wenye mashauri yao, aliposikia dunia inakohoa.

Ilikohoa mara tatu, ikanguruma. Watu wa Kaniha mpaka leo wanashikilia kwamba ngurumo ile iliwafikia huko huko kwao, na mbuzi wote wakalala chini wakielekea upande mmoja. Theonest hakulala, ila alisimama bila kujua amesimama. Kwenye uwanja wa nyasi mbele ya boma alitokea Abbasi, kijana wa mjini wa ukoo wa watu wa pwani, anatembea nyuma ya mnyama wa chuma mwenye mikono miwili. Mnyama alikuwa anakula nyasi mbele, anatoa moshi ubavuni, na anazirusha nyasi zilizotafunwa ndani ya sanduku kana kwamba anajiwekea akiba.

"Nini hii?" Theonest akamuuliza jirani yake.

"Mashine ya kukatia nyasi. Imekuja mwezi uliopita. Inakunywa petroli."

"Nani kaifua?"

Jirani akacheka. Theonest hakucheka. Alishuka ngazi, akauacha mstari, akaiacha na zamu yake, akaisogelea mashine mdomo wazi. Miaka yote alikuwa anakipiga chuma ndipo kifanye kazi. Hiki kilikuwa kinafanya kazi chenyewe, na hakuna aliyekigusa zaidi ya kukielekeza njia.

Na ndipo kikaja kishindo. *Kang!* Mashine iliruka kama punda aliyeumwa na siafu, ikamtupa Abbasi matakoni, ikanyamaza. Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu wa boma, alitoka ofisini mbio, kalamu mkononi.

Chini ya nyasi kulikuwa na kigingi cha chuma, kinene kuliko kidole gumba cha mguu, ambacho Wajerumani walikifungia hema zao siku za mwanzo wakakisahau. Kilikuwa kimelala ardhini zaidi ya miaka thelathini, kimya, kikiwangoja Waingereza. Kati ya visu sita vya mashine, vilivyopindwa kuzunguka mhimili mmoja, viwili vilikuwa vimekunjika. Na kisu cha saba, kile kinacholala chini na kutulia, kilikuwa kimevunjika katikati.

Bwana Shauri hakupiga kelele. Aliitazama mashine, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Jumamosi, saa kumi, mgeni mkubwa kutoka Mwanza atakunywa chai juu ya nyasi hizi. Kisu kipya kitatoka Ulaya kwa meli, na kitafika baada ya miezi saba."

"Mwambie anywe kahawa, asubiri," akanong'ona mmoja wa waliokuwa ngazini. Watu wakajikohoza kuficha vicheko.

Theonest alikuwa ameshapiga magoti. Kidole chake kilikuwa kinapita kwenye kile kisu kilichovunjika, kama cha mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Nitakifanya mimi," akasema.

"Wewe ni nani?"

"Mhunzi wa Nyabusozi. Nilikuja kuomba moto wangu usizimwe. Nikikifanya, niachie moto, na makaa yake."

Bwana Shauri aliutazama mkono wa yule mzee, uliokuwa na makovu mengi kuliko nafasi ya kuyaweka. "Nyasi zikatwe Jumamosi, nami nitaandika barua. Zisipokatwa, utahamia kijiji kipya pamoja na wengine, na habari ya moto imekwisha."

Hivyo ndivyo yalivyokuwa makubaliano.

Theonest alirudi Nyabusozi jioni ile ile, na kesho yake saa nne alikuwa mjini tena, amebeba chungu cha makaa mekundu kichwani na mivukuto begani. Alipewa banda lililo kando ya barabara. Kabla hajagusa kitu alimwaga jivu kuzunguka banda lote, mstari mmoja mweupe.

"Hapa mwanamke havuki," akamwambia Abbasi, aliyekuwa amepewa kumsaidia. "Na mtu yeyote asiruke nyundo. Baba yangu alisema mwanamke akivuka, moto unakuwa bubu. Unawaka, lakini hausemi na chuma."

"Ee Mzee, banda lenyewe liko njiani kwenda kisimani!"

Na kweli. Ng'ambo ya barabara, hatua kumi tu kutoka pale, Bi Mwanaharusi alikuwa amekaa barazani mwake na cherehani yake, akishona kaptula za askari. Alikuwa mjane, mtu mzima, mwenye ulimi uliozidi sindano zake zote.

"Hodi huko kwenye jivu!" akaita. "Mzee, shikamoo! Tukitaka maji turuke kama vyura, au tupitie Ngara?"

"Marahaba. Pitieni nyuma."

"Nyuma kuna choo cha askari."

"Basi pitieni upesi."

Alicheka mpaka cherehani ikasimama.

Siku ile yote Theonest hakupiga nyundo hata mara moja. Abbasi alikuwa na spana, akamfungulia mashine kipande kwa kipande na kuvipanga juu ya gunia, na Theonest akavitazama. Aliokota nati moja, akaokota nyingine. Akazilinganisha. Akaokota ya tatu, ya nne, ya kumi. Jasho likamtoka.

"Abbasi."

"Naam, Mzee."

"Zote ni moja."

"Ndiyo, ni za namba moja."

"Hunielewi. Mimi nimefua misumari tangu sijaota ndevu. Sijawahi kufua miwili iliyofanana. Huyu aliyefua hizi..." Alichukua bolti akaitazama ile mifereji yake inayopanda ikizunguka, haikosei, kama njia ya konokono mwenye akili. Aliivisha nati, ikaingia ikizunguka yenyewe. Akaivua. Akaivisha ile ya kumi katika bolti ya kwanza, nayo ikakubali. Machozi yalimlenga, akasingizia moshi, ingawa moto ulikuwa umelala.

Siku ya pili aliamka na kazi. Vile visu viwili vilivyokunjika alivinyoosha taratibu kwa rungu la mti. Kwa kisu kilichovunjika alihitaji chuma kipya, na chuma kilikuwa pale pale: kigingi cha Mjerumani. Alikitia motoni mpaka kikawa cheupe, na alipokipiga kililia sauti ambayo hajawahi kuisikia, ndefu, safi. Alikipiga kuanzia asubuhi hadi alasiri. Kikalala, kikanyooka, kikawa ubapa mwembamba wenye urefu wa mkono. Alikichovya, kikapiga mluzi, na Abbasi anaapa mluzi ule ulikuwa wa Kijerumani.

Kisha akanoa. Lo, alinoa! Hapa ndipo Theonest alipokuwa bwana wa mabwana. Alivinoa visu vyote saba, kwa tupa kwanza, kisha kwa kinoo, kisha kwa ngozi, mpaka nzi alipotua juu ya kimoja akaondoka vipande viwili, kila kipande kikiruka upande wake bila kujua habari za mwenzake. Kivuli cha Abbasi kilipopita juu ya makali, Abbasi alirudi nyuma akakikagua kama kingali kizima.

Alhamisi mchana wakaifunga mashine na kuitoa uwanjani. Nusu ya mji ilikuja. Ilikohoa, ikanguruma, visu vikazunguka vikimeta. Abbasi akaisukuma mbele, hatua ishirini, akageuka.

Nyasi zilikuwa zimeinama. Kisha, moja moja, kama watu wanaotoka kwenye sala, zikainuka zote. Hakuna hata jani moja lililokatika.

Mtu mmoja akapiga makofi, na kicheko kikaenea uwanja mzima.

"Zimemwamkia!" wakasema. "Mzee, nyasi zimekusalimu shikamoo!"

Bwana Shauri aliinama, akang'oa jani moja, akalitazama. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. "Jumamosi, saa kumi," akasema, akarudi ofisini.

Theonest alikaa kwenye kizingiti cha banda, mikono mapajani. Hajawahi kunoa vizuri namna ile maishani mwake, na makali yale yalishindwa na jani ambalo hata ndama asiye na meno hulikata. Aliona uwanja wa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, na yeye amekaa mbele ya mojawapo, mikono yake inapona makovu.

"Mzee Theonest." Ilikuwa sauti ya Mwanaharusi. Alikuwa amesimama barabarani, vidole vya miguu vimeligusa jivu bila kulivuka. Safari hii hakuwa anacheka. "Umenoa visu."

"Nimenoa visu. Kwani ni vijiko?"

"Si vijiko, na si visu. Ni mkasi."

Theonest aliinua kichwa.

"Niangalie," akasema. Mwanaharusi aliuacha uzi uning'inie kutoka vidoleni mwake, akaufungua mkasi wake mpana wa ushonaji, na kwa ubapa mmoja tu akaupiga ule uzi. Uzi ukakwepa. Akaupiga tena, ukakwepa. Kisha akaufumba mkasi polepole, na uzi ukaanguka.

"Kisu chataka kitu kinachokaa kikingoje," akasema. "Uzi haukai. Nyasi haikai. Sharti aje wa pili amkingie. Nipe mkono, ushike uone."

"Weka chini," akasema Theonest. "Hapo hapo kwenye jivu."

"Nakupa mkasi, sikupi posa!"

"Weka chini, mama."

Akauweka. Theonest akauvuta kwa fimbo, Mwanaharusi akitikisa kichwa. Lakini alipoushika na kuufungua na kuufumba mbele ya macho yake, alisahau yote. Makali ya mkasi ule hayakuwa makali. Angepitisha kidole na kisingetoka damu. Ila pale ubapa ulipopita kando ya mwenzake, ulipita karibu kiasi kwamba nuru haikupata pa kupenya, na bado vyuma viwili havikugongana. Vilikuwa vinagusana bila kugusana. Aliufumba na kuufungua mara arobaini. Nafasi ile isiyokuwepo ndiyo iliyokata.

"Ukiwa butu wafanyaje?" akauliza, sauti imepungua.

"Naukatia majani ya msasa. Yana mchanga wake. Vinajinoa vyenyewe, kila kimoja kwa mwenzake."

Jioni hiyo Theonest alifanya jambo ambalo lilimuuma kuliko mti kuangukia mguu. Alichukua tupa na kuyaondoa makali yote aliyoyatia, kisu baada ya kisu, mpaka vikawa bapa. Akachanganya samli na mchanga laini uliochekechwa kwa kitambaa, akavipaka visu vyote. Kisha akafikiri. Vikizungushwa kwenda mbele vitaung'ata ule mchanga na kujing'ata vyenyewe. Lakini vikirudi nyuma vitalambana.

"Abbasi, kesho utaizungusha kwa mkono. Kinyumenyume."

"Mara ngapi?"

"Mpaka vizoeane."

Abbasi alianza Ijumaa alfajiri. Alihesabu kwa tasbihi, na kwa hesabu yake alizungusha mara elfu saba na mia mbili. Theonest alikuwa anaongeza samli, anasogeza kile kisu cha chini kwa parafujo, unywele kwa unywele, na kusikiliza. Mwanzo vilikwaruza. Kufikia saa tano vilikuwa vinanong'ona. Abbasi alipokwenda msikitini akarudi na kuendelea, havikutoa sauti tena, na Theonest alisimamisha pumzi yake kwa hofu ya kuuharibu ule ukimya.

Sasa ilibaki kujua. Uzi mmoja ulitakiwa kupitishwa kati ya visu, kuanzia mwisho huu hadi mwisho ule. Ukikatika kila mahali, kazi imekwisha. Ukipona mahali pamoja tu, kesho hapo zitabaki nyasi zimesimama mbele ya mgeni wa Mwanza. Theonest akajaribu kuushika. Vidole vyake vilikuwa na sugu kama kwato, uzi ukapotea humo asijue kama anao au hana. Abbasi akajaribu. Mikono yake, baada ya mizunguko elfu saba, ilitetemeka hata ukadhani ana malale mwenyewe.

Wote wawili wakatazama ng'ambo ya barabara.

Mwanaharusi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano bila kuangalia, macho yake yako kwa mpita njia.

Theonest alifikiri juu ya baba yake. Alifikiri juu ya moto uliokuwa nyuma yake, mdogo, mwekundu, umeletwa na mababu wote hao mpaka hapa kandokando ya choo cha askari. Ukiwa bubu leo, ni yeye aliyeufanya bubu. Nyasi zisipokatwa kesho, ni yeye vilevile aliyeuzima. Kisha aliingia ndani, akachota jivu kwa sufuria, akatoka.

Alifagia kipande cha mstari mbele ya banda kwa mguu. Akaanza kumwaga jivu upya, akavuka barabara, akapita mbele ya kuku, akazunguka baraza ya Mwanaharusi, cherehani yake, mtungi wake wa maji na mpapai wake, akarudi kuvuka barabara na kuufungia mstari pale ulipoanza.

"Hujavuka," akamwambia, akihema. "Uko ndani tangu zamani. Ni mimi tu nilikuwa sijalimwaga vizuri."

Mwanaharusi alilitazama lile jivu lililopita kizingitini kwake. Midomo ilimcheza, ila aliizuia. Alichukua kibonge cha uzi, akafunga upande wa khanga yake vizuri, akatembea hatua kumi mpaka kwenye moto wa mababu wa Ntakirutimana. Moto ulirusha cheche moja, ukatulia.

"Umesema nini huo?" akauliza.

"Umekuitikia," akasema Theonest, na mwenyewe alishangaa.

Mwanaharusi aliupitisha uzi. Theonest alikizungusha chuma kidogo kidogo kwa kiganja, naye Mwanaharusi akawa anasogea, vidole viwili huku, vidole viwili kule, akisikiliza kwa ncha za kucha. Vipande vikaanguka kwenye gunia. Kimoja, viwili, kumi. Hakuna aliyesikia kitu. Uzi ulikuwa uzi, kisha ulikuwa vipande viwili, na kati ya hapo na hapo hapakutokea jambo lolote ambalo jicho lingeweza kulishuhudia. Vipande ishirini na vinne, vyote sawa, kama zile nati.

"Subhana Allah," akasema Abbasi polepole, na Theonest akapiga ishara ya msalaba.

Jumamosi hakuna aliyecheka. Mashine iliguna, na visu vilipozunguka ilisikika chini ya mngurumo sauti ndogo, *shii*, kama pazia la hariri linavutwa. Nyasi zilianguka kabla hazijajua. Abbasi alikwenda na kurudi, na kila alipopita alibakiza ukanda mmoja uliong'aa na mmoja wa kijani kibichi, kama kitambaa kilichofumwa, mpaka watu waliokuwa pembeni wakavua viatu, na wasio na viatu wakafuta miguu. Harufu ya nyasi zile ilifika Ngara, na inasemekana ng'ombe wa huko wakakatisha machunga, wakashika njia ya Biharamulo kwa miguu yao wenyewe. Yai likawekwa upande mmoja wa uwanja, likabiringika hadi upande wa pili bila kupata hata ufa. Mgeni wa Mwanza alikataa kiti. Alikaa chini, suruali nyeupe na yote, akapitisha kiganja juu ya nyasi, na chai yake ikapoa.

Theonest alisimama kando ya ukuta wa boma, kanzu ya misa imejaa masizi. Kigingi kile kilichoificha chuki yake ardhini miaka yote ndicho kilichokuwa kinazunguka na kuimba pale. Alikuwa amekifanya yeye, na bado hakuelewa.

Bwana Shauri alikuja bandani saa kumi na mbili, karatasi mkononi, akasimama kwenye jivu. "Mpaka huu ni wa nini?"

"Ni mpaka wa kiwanda, Bwana," akajibu Abbasi haraka.

Bwana Shauri aliufuata kwa macho, kuvuka barabara, kuzunguka cherehani na mpapai. Akaandika. Barua ilisema kwamba wahunzi wote waliomo ndani ya jivu wana ruhusa ya moto na makaa, hapa Biharamulo mjini, mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

"Wahunzi wote?" Mwanaharusi akamwambia Abbasi amsomee tena. Alimsomea. "Basi nimesikia. Kuanzia leo kaptula za askari nitazishona kwa koleo."

Wiki iliyofuata Deodata alifika kutoka Nyabusozi na mikeka, kuku watatu, na chungu kichwani. Alipoliona jivu alisimama nje yake, kama alivyosimama nje kwa miaka thelathini na mbili, akasubiri mumewe atoke kumpokea mizigo.

Theonest alitoka na sufuria. Hakumpokea kitu. Alimpita, akaenda nyuma yake, akaanza kumwaga.